Shemeji yuko Muscat: nimwagize mashine gani ya polishi?

SWALI

Habari za kazi kaka. Nina kijisehemu cha kuoshea magari Morogoro, karibu na Msamvu, huu mwaka wa tatu. Wateja wananiuliza kama napiga polishi, mimi nabaki kuwaelekeza kwa fundi rangi mmoja mwenye rotari. Sasa nimeweka akiba laki tisa, nataka mashine yangu mwenyewe, hizi za DA (dual action). Shemeji yangu yuko Muscat, anakuja likizo mwezi ujao na amesema nimwagize. Ameona ya milimita 21, anasema ndiyo ya wakubwa. Binamu yangu wa Houston naye ana Porter-Cable 7424XP aliyoitumia mara chache, ananipa bure. Halafu yule fundi rangi anasema DA ni za kuchezea, nichukue rotari. Nichukue ipi? Na hizo milimita maana yake nini hasa?

JIBU

Nzuri, mdogo wangu. Hongera kwa akiba.

Jibu fupi ulibebe kabla ya maneno mengi: mwagize shemeji DA ya milimita 15, sahani (pale pedi inaponata) ya inchi 5, ile inayozunguka kwa uhuru. Ya 21 aiache hukohuko Muscat. Zawadi ya binamu ipokee kwa shukrani lakini usiichomeke ukutani, nitakwambia kwa nini. Na katika hizo laki tisa, mashine isile zaidi ya nusu.

Fundi rangi wako hajakudanganya. Rotari inakula haraka kuliko DA ya kuzunguka kwa uhuru, na yeye anaihitaji. Kazi yake ni kuondoa alama za msasa kwenye klia, lile koti la juu lisilo na rangi, aliyoipuliza mwenyewe juzi, tena nene, na akiitoboa anapuliza nyingine. Wewe huna kopo la rangi wala bunduki ya kupulizia. Gari linalokuja kwako lina klia ya kiwandani, na ikitoboka imetoboka.

Hebu ujue unachochezea. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia praima ya chini hadi juu kabisa, mara nyingi iko kati ya mikroni 100 na 150, na ya Kijapani huwa upande wa chini wa hapo. Klia peke yake ni mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwani kwako una mikroni kama 70. Kwa hiyo kinachong'aa, ambacho ndicho kinachoikinga rangi na jua, ni chembamba kuliko unywele. Kwenye mikunjo na kingo ni chembamba zaidi, kwa sababu rangi ikiwa bado mbichi hutiririka na kukimbia kona.

Mimi nimeshalipia somo hilo. Mwaka wangu wa kwanza niliazima rotari yenye pedi ya sufi nikapiga Mark II GX100 ya kijani iliyokolea. Boneti ilikuwa inakwenda vizuri mno. Nilipofika kwenye ule mkunjo unaopanda kutoka kwenye grili, simu ikaita mfukoni. Sikuipokea, nilitupa jicho tu nione ni nani. Nilipolirudisha, kulikuwa na mstari wa kijivu urefu wa kidole. Nikaufuta kwa kitambaa nikidhani ni kompaundi, ile dawa ya kusugulia, imekauka. Nikafuta tena. Ilikuwa praima. Boneti nzima ilipulizwa upya kwa pesa yangu, na mwenye gari mpaka leo akipita ananipigia honi tu, hasimami.

Rotari ina mhimili mmoja. Sahani inazunguka palepale kama jiwe la grinda, na ukizubaa joto lote linabaki palepale. DA inafanya mambo mawili kwa pamoja: mota inaiyumbisha sahani kwa viduara vidogo vya haraka, maelfu kwa dakika, na sahani yenyewe, kwa kuwa imekaa juu ya beringi, inageuka polepole kwa kufuata mkumbo. Umewahi kumtazama mama akichekecha unga? Mikono inaliyumbisha chekeche kwa viduara, na chekeche lenyewe linageuka taratibu mikononi mwake bila yeye kuligeuza. Ndiyo DA hiyo. Joto linatawanyika, na hakuna punje ya kompaundi inayokwaruza mstari mmoja kwa muda mrefu, ndiyo maana haiachi ile mikia ya mng'aro ambayo rotari huacha na unaiona jua la saa nne linapogonga mlango mweusi.

Milimita unazouliza ni upana wa kile kiduara cha kuyumba. Sisi kazini tunauita myumbo. Mashine za zamani zilikuwa na 8, siku hizi kuna za 12, za 15 na za 21. Myumbo ukiwa mkubwa, kila mzunguko wa mota unaiburuta pedi safari ndefu zaidi juu ya rangi, kwa hiyo unakata haraka na unamaliza gari mapema. Hesabu hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyomshika shemeji.

Lakini myumbo mkubwa unadai uwanja. Mashine za 21, kama Rupes LHR21 ya Waitaliano, hukaa kwenye sahani ya inchi 6 na pedi pana kuliko hiyo. Kwenye boneti ya Land Cruiser, ubavu wa Hiace au paa la Alphard, hapo haina mpinzani. Sasa fanya hivi kesho: kaa kwenye kiti chako saa nzima uandike magari yanayoingia. Nitashangaa kama karatasi yako haitajaa IST, Passo, Vitz, Raum, Noah na Probox, na Crown moja ya mheshimiwa fulani. Shika mlango wa Passo kwa kiganja uupapase kutoka juu hadi chini. Hakuna mahali penye ubapa wa kutosha sahani ya inchi 6 ilale yote. Pedi itagusa kwa upande mmoja na kuning'inia upande wa pili.

Na hapo ndipo siri ya DA hizi inapojitokeza. Kule kugeuka hakuna gia inayokusukuma, ni beringi tu. Msuguano ukielemea upande mmoja, kugeuka kunakufa, mashine inabaki kutetemeka. Unasikia mota inalia, mkono unakufa ganzi, jasho linakutoka, na rangi iko vilevile. Ndiyo maana mtu akinunua ya 21 kwa ajili ya vigari vyetu, baada ya mwezi anasema DA ni za kuchezea. Yawezekana fundi wako alishaijaribu kwa mtindo huo. Tabia hiyohiyo ya kufa ndiyo inayokuokoa kwenye mkunjo, maana DA ikielemewa inasimama kabla haijatoboa. Si kwamba haitoboi kabisa, inatoboa ukiilazimisha. Ila inakupa nafasi ya kutupa jicho kwenye simu.

Chukua maka peni, chora mstari mmoja mnene kwenye ubavu wa sahani. Wakati wa kazi ukiuona unapita pole kwa pole, mashine inageuka na inakata. Ukiona mstari umeganda, punguza mgandamizo, au nyoosha mkono pedi ilale bapa. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na mstari huo bado naupitishia maka kila unapofutika.

Ya 15 yenye sahani ya inchi 5 inaingia kwenye mlango wa Passo, inaingia kati ya kitasa na dirisha, inapanda fenda ya IST bila kulia. Kwenye boneti ya Prado itakuchelewesha kidogo kuliko ya 21. Kidogo tu. Utalipia dakika ishirini kwenye Prado moja, na utaokoa mkono wako kwenye vigari kumi.

Kuna ukoo mwingine utakaokutana nao: DA zenye gia, ambazo kugeuka kwake ni kwa lazima. Flex XC 3401 VRG ya Wajerumani ndiyo mkongwe wao, myumbo milimita 8, na haifi kwenye mkunjo hata uigandamize vipi. Makita PO6000C ina myumbo wa milimita 5.5 na swichi ya kuchagua, kwa uhuru au kwa gia. Ni mashine za kiume. Mercedes zilizoanza kuja na klia ngumu ya seramiki mwaka 2003 zinazihitaji kwelikweli. Lakini zinavuta mkono, zinapandisha joto, na kwenye kingo zinarudisha hatari ileile unayoikimbia kwa rotari. Hiyo iwe mashine yako ya tatu, siku ukianza kupata Mercedes tatu kwa wiki.

Usihangaike na wati. Sokoni utaonyeshwa boksi limeandikwa wati 1200 kwa herufi za dhahabu, muuzaji analipiga kofi huku akikusifia. Rupes LHR15 Mark II, ambayo mafundi wa dunia nzima wanaiheshimu, ina wati 500. Kinachopokea nguvu ni beringi, uzito wa kusawazisha ndani, na kifaa cha kielektroniki kinachoshikilia spidi pedi inapoelemewa. Hivyo haviandikwi kwenye boksi. Vinaonekana ukiishika.

Kwa bajeti yako Rupes mpya itameza akiba yote, na mtu mwenye Rupes na pedi moja hana biashara. Kuna mashine za Kichina zenye jina, kama ShineMate na Maxshine, ambazo kwa kuanzia zinatosha kabisa, na kubwa zaidi, sahani zake unaweza kuagiza ikichakaa. Ogopa ile isiyo na jina wala namba ya modeli. Siku sahani ikipasuka utatafuta ya kufanana uikose, utafunga yoyote inayoingia, na uzito wake ukitofautiana na ule mashine iliosawazishiwa, itatetemeka mpaka iue beringi. Kwa hiyo shemeji akiona mashine, swali lake la kwanza dukani liwe: sahani ya akiba ipo? Na brashi za kaboni za mota? Muuzaji akibabaika, atoke.

Sasa umeme. Oman wanatumia volti 240, hertzi 50, na plagi ya miti mitatu bapa kama yetu. Mashine ya kutoka dukani Muscat unaichomeka Morogoro bila adapta. Ya binamu ni ya volti 120. Ni mashine nzuri ya kizamani, imefundisha Wamarekani wengi kupiga polishi, lakini ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia inakimbia kwa sauti ya juu ajabu, halafu harufu, halafu kimya. Ukitaka kuitumia lazima ununue transfoma ya kushusha. Mashine yenyewe inakula wati 500 hivi, basi transfoma iwe ya wati 1000 ili isichemke. Ni dude zito la kuburuta sakafuni kwenye maji. Na myumbo wake ni 8, polepole sana kwa kazi ya kulipwa. Onyo hilohilo kwa mashine za mtumba wa Japani: kule umeme ni volti 100, na mwuzaji hatakwambia.

Ya betri? Raha ya kutokuwa na waya ipo, hasa sehemu yako yenye maji. Lakini betri mbili haziwezi kumaliza gari, na betri nne bei yake ni mashine nyingine. Waya mrefu mnene ni nafuu. Nasema mnene kwa makusudi: ekstensheni nyembamba ya mita ishirini inashusha umeme njiani, mashine inapoteza nguvu na mota inapata moto, halafu unalaumu Wachina. Na uipitishe juu ya bega, isiburute kwenye fenda uliyokwisha kuing'arisha.

Tuje kwenye ile nusu nyingine ya pesa, ambayo vijana wengi huisahau. Mashine ni mkono tu, kinachogusa rangi ni pedi. Ukiwa na pedi mbili, utakuwa unafanya kazi mbaya kuanzia mlango wa pili. Sponji ikishashiba kompaundi na vumbi la rangi inakuwa nzito, inakataa kugeuka, na joto linajikusanya katikati yake. Nimeona pedi inayeyuka kwa ndani, gundi inaachia velkro, sponji inaruka kama chapati hadi kwa jirani. Gari dogo moja linataka pedi tano au sita: tatu za kukata, mbili au tatu laini za kumalizia. Upana wake uzidi sahani kidogo pande zote, ili usije ukagonga mlango kwa ukingo wa plastiki. Sahani ya inchi 5, pedi ya inchi 5 na nusu hivi.

Za kukata ziko za sponji ngumu na za maikrofaiba. Maikrofaiba inakata kwa nguvu na inafaa rangi iliyochoka, lakini kwenye rangi laini inaacha ukungu utakaokudai hatua nyingine. Anza na sponji. Nunua moja tu ya maikrofaiba kwa ajili ya siku ngumu.

Wewe una bahati ambayo wengi hawana: kompresa ipo. Kila ukimaliza kipande, ipulize pedi upepo wakati inageuka taratibu. Vumbi jeupe litatoka kama unga wa mashineni. Jioni zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kamua kwa viganja bila kusokota, anika kivulini velkro ikitazama juu.

Kompaundi chukua mbili, ya kukata na ya kumalizia, za kampuni moja. Menzerna, Koch-Chemie, Meguiar's, 3M, zote zinafanya kazi. Zile za kwenye kopo zinazouzwa pamoja na nta na viatu vya tairi, zenye harufu ya mafuta ya taa, zinajaza mikwaruzo mafuta badala ya kuiondoa. Gari linaondoka linang'aa, mvua mbili baadaye mteja anarudi na utando wake wa buibui uleule, ile mikwaruzo midogo inayoonekana juani. Ili usijidanganye mwenyewe, changanya alkoholi ya isopropili na maji, sehemu moja kwa tisa, puliza kwenye kipande ulichomaliza na ufute. Mafuta yanaondoka, unabaki na ukweli. Nunua na tochi ya LED yenye mwanga mkali, na taulo za maikrofaiba zisizopungua kumi, ambazo usithubutu kuzichanganya na za kufutia rimu.

Hapo niseme jambo utakalonisamehe. Ule utando wa buibui unaotaka kuuondoa kwa pesa, sehemu kubwa umewekwa na sisi waosha magari. Ndoo moja, sponji moja, inapita kwenye rimu yenye mchanga wa Kihonda halafu inapanda kwenye boneti. Kabla mashine haijafika, weka ndoo ya pili ya maji safi ya kusuuzia sponji, na ya rimu iwe na ndoo na brashi yake. La sivyo utakuwa unapiga polishi Jumamosi na kuiharibu Jumatano.

Kuhusu magari yenyewe, kuna mambo mawili ambayo yangenipunguzia mshtuko kama ningeambiwa mapema.

Toyota nyeupe ile tupu, isiyo na mng'aro wa lulu, mara nyingi ni rangi namba 040. Angalia kibati cha namba ya rangi, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Hiyo haina klia. Ni rangi tupu juu hadi chini, na pedi yako itakuwa nyeupe kama umepaka chokaa. Usipige kelele, hujatoboa kitu. Lakini gari la namba nyingine yenye klia, la metaliki kwa mfano, pedi ikianza kuchukua rangi ya gari, simama hapohapo, zima mashine.

La pili ni nyeusi ya Toyota namba 202. Laini mno. Unaifuta kwa taulo jipya na bado inapata vistari. Kijana mwenye mashine mpya huanza nayo kwa sababu inaonyesha kazi vizuri, halafu inamtoa machozi. Hiyo usianze na pedi ya kukata kabisa. Pedi laini, kompaundi ya kumalizia, spidi ndogo, karibu uzito wa mashine peke yake. Mara nyingi hatua hiyo moja inatosha.

Ndiyo maana kila gari, hata kama juzi umepiga lililofanana nalo, unaanza na kipande cha majaribio. Osha, pitisha udongo wa kusafishia rangi mpaka kiganja kiteleze kama kwenye kioo, halafu chagua sehemu ya nusu mita kwa nusu mita juu ya boneti. Funika kwa tepu ya karatasi mikunjo, mpira na plastiki nyeusi, maana kompaundi ikikauka kwenye plastiki haitoki. Weka matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere. Gusisha pedi kwanza, ndipo uwashe. Ukiwasha hewani utapaka dari. Tandaza kwa spidi 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5. Mkono uende pole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Vijana wote wanakwenda haraka mara tano ya hapo, kama wanapiga pasi. Njia ziingiliane nusu kwa nusu, kwa wima kisha kwa mlalo, mara nne hivi. Futa, puliza alkoholi, washa tochi. Anza na mchanganyiko laini kuliko unaodhani unahitajika. Ukishindwa ndipo uongeze ukali, pedi kwanza, kompaundi baadaye.

Mkwaruzo unaonasa ukucha uache. Uko chini kuliko klia inavyoruhusu. Mwambie mteja mapema, ukiwa umeushika mkono wake ukiupitisha pale, kwamba huu utafifia lakini hautaondoka. Akikubali ndipo uwashe.

Usifanye juani. Morogoro mchana bati la gari linaunguza, kompaundi inakauka kabla ya njia ya pili, na utakuwa unasaga unga mkavu kwenye rangi ya mtu. Turubai, au kazi ya asubuhi na jioni. IST moja kwa hatua moja nzuri itakuchukua saa nne au tano siku za mwanzo, kwa hiyo usiitoze bei ya kuosha.

Kipimo cha unene wa rangi kinunue ukipata pesa ya gari la tatu au la nne. Mpaka hapo, gari ukiliona mlango mmoja una rangi yenye vinundunundu kama ganda la chungwa kuliko mwingine, au tepu imeacha mstari wa rangi kwenye mpira, limepulizwa mtaani. Kipimo kingekuonyesha mikroni 200 na kitu, au 600 kukiwa na pati, ile ya kuzibia mabonde, chini. Unene huo usikutie moyo. Klia ya mtaani inaweza kuwa laini kama mshumaa au haikukauka vizuri, na ikianza kubanduka kwenye pedi yako, wewe ndiye utakayelaumiwa. Piga picha paneli zote kabla ya kuanza, mteja akiwa amesimama hapo.

Mashine ya pili, baadaye, iwe ndogo ya inchi 3. Itaingia kwenye nguzo za madirisha na kuzunguka taa za bampa. Na taa zenyewe. Toyota zetu nyingi zina taa zilizogeuka njano, kwa sababu plastiki yake hupakwa kinga ya jua ambayo imeshaungua. Msasa wa maji namba 1000, 2000, 3000, kisha ile mashine ndogo na kompaundi, na usisahau kupaka kinga mpya, la sivyo baada ya miezi michache zinarudi njano na mteja anarudi nazo. Kwa hesabu zangu taa zitakurudishia pesa ya mashine kabla ya boneti.

Shemeji akifika, usisubiri mteja. Washa mashine mezani bila pedi kwa sekunde chache, sikiliza beringi. Mlio uwe mmoja, usiwe na kokoto ndani. Shika kichwa chake baada ya dakika kumi za kazi: joto la chai sawa, joto la sufuria hapana. Kisha tafuta mlango uliotupwa kwenye gereji yoyote jirani, uununue hata kwa elfu ishirini, uuegemeze ukutani. Huo ndio darasa lako la wiki mbili. Toboa kwa makusudi kona moja, uone inavyoanza: kwanza mng'aro unakuwa wa maziwa, halafu duara lenye ukingo mkavu, halafu rangi. Ukishayaona kwa macho yako mwenyewe utayatambua hata usingizini.

Mtumie shemeji ujumbe huu kama ulivyo, asije akashawishiwa dukani: "Shemeji, naomba DA ya polishi, myumbo milimita 15, sahani inchi 5, ya kuzunguka kwa uhuru, isiwe ya gia. Volti 220 hadi 240. Iwe na jina na namba ya modeli. Sahani ya akiba moja, brashi za kaboni jozi moja. Pedi za inchi 5 na nusu: tatu za kukata, tatu laini, moja ya maikrofaiba. Ukiambiwa ya 21 iko kwenye ofa, sema asante."